Msiwalipe Wanahabari kwa Wito

Kila Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, na kila msimu wa mahafali ya vyuo vya habari, mgeni rasmi husimama na kusema kwamba uandishi wa habari ni wito. Ukumbi hupiga makofi, nami sina ugomvi na neno lenyewe. Ugomvi wangu ni na imani iliyojengwa juu yake: kwamba anayeipenda kazi ya habari kwa dhati ataridhika nayo popote atakapowekwa, na kwamba anayeulizia mkataba, zamu na likizo amepotea njia. Katika televisheni imani hii ina mizizi mirefu zaidi, kwa kuwa kuonekana kwenye kioo cha kila nyumba saa mbili usiku huhesabiwa kuwa malipo tosha. Nasema imani hii ni ya uongo, na inaumiza watu. Kuridhika na kazi ya habari hutengenezwa na mahali pa kazi. Mapenzi anayokuja nayo mtu ni akiba. Mahali pazuri huiongeza, na mahali pabaya huitafuna mpaka ikaisha.

Niitendee haki imani hiyo kwanza. Ni kweli kwamba bila mapenzi kazi hii haifanyiki. Hesabu za mshahara peke yake hazimtoi mtu kitandani alfajiri akasimame kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, na kamera begani. Lakini kitu kinaweza kuwa cha lazima na bado kisitoshe. Mwaka 2001 wanasaikolojia watatu waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Howard Gardner, Mihaly Csikszentmihalyi na William Damon, walichapisha kitabu kiitwacho Good Work baada ya kuwahoji kwa kina watu wa fani mbili: wanahabari na wanasayansi wa jenetiki. Kila fani ilikuwa na watu hodari walioichagua kwa kuipenda. Hata hivyo, wanajenetiki walizungumza kama watu wanaoamka na hamu ya kwenda kazini, ilhali wanahabari wengi walikuwa wamevunjika moyo na baadhi wakifikiria kuondoka. Watafiti hawakuiona sababu katika nyoyo za wahojiwa. Waliiona katika mazingira ya kazi. Kwenye jenetiki ya wakati ule, matakwa ya watafiti, ya wafadhili na ya umma yalivutia upande mmoja. Kwenye habari, wenye vyombo walidai faida na wingi wa watazamaji, na waandishi wakajikuta wakisukumwa mbali na kile walichojua kuwa ni kazi njema. Hapo wito haukuwa dawa, ulikuwa ndio kidonda chenyewe, maana asiyejali angevumilia bila maumivu yoyote.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Miwa Sado alikuwa mwandishi wa NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, jijini Tokyo. Mwaka 2013 aliripoti uchaguzi wa baraza la jiji hilo mwezi Juni, na mwezi uliofuata akaripoti uchaguzi wa Baraza la Juu la Bunge. Siku chache baada ya kura kuhesabiwa, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 31. Ilibainika kuwa katika mwezi mmoja kabla ya kifo chake alifanya kazi saa 159 za ziada na kupumzika siku mbili tu. Mwaka 2014 mamlaka za kazi ziliamua kwamba kilichomuua ni kazi, jambo ambalo Wajapani wana neno lake maalumu, karoshi, na NHK ililitangaza hadharani mwaka 2017. Tulipime hilo kwa kipimo cha nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne. Saa za Sado ni zaidi ya mara tatu ya kiwango hicho. Hakuna awezaye kusema binti huyu alikosa wito. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, kwa mamlaka ya kazi yake, arudi nyumbani akalale. Mahali pa kazi pakiendeshwa kwa kanuni ya punda afe mzigo ufike, anayetangulia kufa ni yule anayeupenda mzigo.

Wapo watakaosema tatizo ni fedha, kwamba mlipe mwanahabari vizuri katika kituo chenye jina naye atatulia. Hata hilo halisimami. Carrie Gracie alikuwa mhariri wa BBC nchini China, anazungumza Kichina, na mshahara wake ulikuwa pauni 135,000 kwa mwaka. Julai 2017 BBC ililazimika kuchapisha malipo ya watangazaji wake wanaopata zaidi ya pauni 150,000, naye akagundua kwamba wanaume wawili wenye cheo kama chake kwenye nchi nyingine walimzidi kwa angalau nusu ya mshahara wake. Januari 2018 akaachia wadhifa huo na kurudi kwenye chumba cha habari London. Miezi michache baadaye BBC ikamwomba radhi na kumlipa malimbikizo yake, naye akayatoa yote kusaidia wanawake wanaodai usawa. Hapa palikuwa na wito, palikuwa na jina kubwa, na fedha hazikuwa haba. Kilichokosekana ni haki, na ukosefu huo peke yake ulitosha kuifanya kazi isifanyike. Mtu anaweza kuvumilia kidogo kinachogawanywa sawa. Kingi kinachogawanywa kwa kificho humtafuna kila siku.

Sasa turudi kwetu, ambako neno wito lina kazi nyingine tena: linaziba pengo la mkataba. Taarifa ya habari ni kazi ya kundi. Nyuma ya sura moja inayosoma kuna mwandishi, mpigapicha, mhariri wa picha, fundi wa sauti, dereva, na mara nyingi mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari iliyotoka. Huyo wa mkoani akizunguka siku nzima na habari isipotoka, nauli, chakula na vocha vimetoka mfukoni mwake. Matokeo yake tunayajua sote kwa jina la mshiko, au bahasha. Mwenye semina anatoa usafiri na posho, na habari yake inapata nafasi. Mkulima aliyeporwa shamba hana bahasha, na habari yake inasubiri. Tumezoea kulisema hili kama tatizo la maadili ya mtu mmoja mmoja, tukawaandalia wanahabari warsha za maadili, huku tukiacha mpango wa malipo unaowasukuma huko ukiendelea kama ulivyo. Anayemlipia mwandishi nauli ndiye anayemwelekeza pa kwenda. Kituo kisipoilipa, kimekabidhi uhariri wake kwa wengine. Na mwandishi aliyeingia kazini ili asimulie habari ya yule mkulima hawezi kuridhika na kazi hiyo, hata akiambiwa mara mia kwamba ameitwa.

Kazi hii pia ni ya barabarani. Julai 8, 2019, wafanyakazi watano wa Azam Media walifariki katika ajali kati ya Shelui na Igunga, wakiwa safarini kwenda kurusha matangazo ya uzinduzi wa hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato. Siwataji ili nimtafute wa kulaumiwa. Nawataja kwa sababu taifa lililia siku ile na kutambua kwamba nyuma ya picha inayoingia sebuleni kuna miili ya watu na familia zinazowategemea. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na mengi yanayolalamikiwa ndani yake, inamtaka mwajiri awape wanahabari wake bima na hifadhi ya jamii. Lakini bima humfuata anayetambulika kuwa mfanyakazi. Kibarua wa miaka sita asiye na karatasi, anayeshika kipaza sauti chenye nembo ya kituo kila siku, yuko nje ya uzio huo, na neno wito halitamlipia hospitali.

Nitaulizwa kuhusu ushujaa. Je, hatukuona wito ukishinda kila kitu Januari 2018 jijini Nairobi, serikali ilipozima matangazo ya Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kiapo cha kiongozi wa upinzani Raila Odinga pale Uhuru Park, na wanahabari watatu wa NTV, Linus Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu, wakalala ofisini kwa kuhofia polisi waliokuwa wakiwasubiri nje? Tuliona ujasiri, naam. Lakini tazama ulisimama juu ya nini. Kaikai alikuwa ndiye mkuu wa kituo, na alilala palepale na watangazaji wake. Maombi yalifikishwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikazuia polisi kuwakamata. Mtu huthubutu anapojua kwamba mkubwa wake yuko bega kwa bega naye na kwamba kesho wakili atakuwa kortini. Mtupe mtu huyohuyo kwenye kituo ambacho simu moja kutoka kwa mwanasiasa humfanya bosi amtoe kafara, na ujasiri wake hautamaliza mwezi.

Nitaambiwa pia kwamba matangazo ya biashara yamehamia kwenye simu na vituo havina fedha. Ni kweli hali ni ngumu, na sidai mishahara ya London. Lakini mengi ninayodai hayana bei kubwa: ratiba inayotolewa mapema, siku ya mapumziko isiyovunjwa kwa simu, viwango vya malipo vinavyojulikana na wote, mhariri anayeeleza kwa nini habari imekatwa. Na kituo kisichoweza kulipa watu wa kutosha taarifa tano kwa siku kina njia ya uaminifu, nayo ni kurusha tatu. Wengine watasema habari haina saa, moto hausubiri zamu. Zimamoto wanaouzima moto huo wana zamu, na wauguzi wanaowapokea majeruhi wana zamu, kwa sababu dharura zenyewe hudai mtu aliyelala. Hoja ya mwisho ni ile foleni ya vijana getini, wanaosubiri nafasi ya yeyote atakayelalamika. Foleni hiyo inaonyesha hamu ya kuingia, haisemi lolote juu ya hali ya walio ndani. Tuwatazame na wanaotoka: waandishi wenye uzoefu wa miaka kumi wanaohamia kuwa maofisa uhusiano wizarani na kwenye mashirika. Kila anayeondoka anachukua kumbukumbu ya kesi, bajeti na ahadi za wakubwa, na anayeshika nafasi yake huanza kuuliza maswali yaliyokwisha kujibiwa kwa uongo mwaka juzi. Hasara hiyo anaibeba mtazamaji.

Kwa hiyo kijana anayetafuta kazi nzuri ya televisheni asiongozwe na ukubwa wa jina wala wingi wa wafuasi mtandaoni. Aulize zamu moja ina watu wangapi, na akiumwa nani anashika nafasi yake. Aulize waliotangulia kwenye kiti hicho waliondoka kwa sababu gani, na awatafute wamweleze wenyewe. Aulize ni lini mara ya mwisho mhariri alikataa kuondoa habari iliyomkera mtu mkubwa. Aulize usafiri wa usiku, bima, na mkataba unasainiwa lini. Mahali panapokasirishwa na maswali hayo pamekwisha kumjibu.

Na mgeni rasmi wa Mei 3 ijayo, kabla hajalitamka neno wito, awatazame wapigapicha waliopanga kamera mbele ya meza kuu, awaombe wanyooshe mikono walio na mikataba, kisha ahesabu.