Fedha za Packard: Jibu kwa Wanaolaumu na Wanaosifu

Tangu mwaka 1988, Wakfu wa David na Lucile Packard wa California umekuwa ukichagua kila mwaka wanasayansi na wahandisi wachache, vijana wa kazi walioanza juzi tu kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, na kuwapa fedha za utafiti za miaka mitano. Siku hizi huchaguliwa 20, na kila mmoja hupata dola 875,000. Anayeomba sharti awe katika miaka mitatu ya mwanzo ya uprofesa, awe mtu wa sayansi asilia, hisabati au uhandisi, na awe amependekezwa na mkuu wa chuo chake. Akishapata, habanwi sana. Haulizwi ataleta bidhaa gani, na akiona njia aliyoianza haifiki, anaweza kushika nyingine.

Ufadhili wa namna hii hauachi kuzua maneno. Wapo wanaouona kuwa ni anasa ya matajiri, na wapo wanaousifu kana kwamba ni kiwanda cha Tuzo za Nobel. Pande zote mbili zinastahili kujibiwa, kwa sababu zote mbili zinatazama mahali pasipo penyewe.

Dai la kwanza: “Fedha zisizo na masharti hupotea.”

Hili limejengwa juu ya hofu inayoeleweka: mpe kijana fedha bila kumbana, atazichezea. Lakini si jambo la kukisia, limepimwa. Mwaka 2011 wanauchumi Pierre Azoulay, Joshua Graff Zivin na Gustavo Manso walichapisha utafiti uliolinganisha makundi mawili ya wanasayansi wa elimu ya uhai nchini Marekani. Kundi moja lilifadhiliwa na Taasisi ya Tiba ya Howard Hughes, ambayo humfadhili mtu badala ya mradi, humpa miaka ya kutosha na humvumilia anaposhindwa mwanzoni. Kundi la pili lilitegemea ruzuku za kawaida za Taasisi za Taifa za Afya, zenye muda mfupi zaidi na malengo yaliyoandikwa kabla kazi haijaanza. Kundi la kwanza liliwazidi wenzao kwa mbali katika makala zilizonukuliwa sana na watafiti wengine. Liliwazidi pia katika makala ambazo karibu hakuna aliyezijali. Matokeo hayo mawili hayatenganiki: anayeruhusiwa kujaribu lililo gumu ataibuka na jambo kubwa mara moja, na mara nyingine atatoka mikono mitupu.

Wala kundi la pili halikuwa la watu hafifu. Lilitokana na washindi wa tuzo mbalimbali za mwanzo wa kazi, wakiwamo waliowahi kufadhiliwa na Packard yenyewe. Vipaji vilikaribiana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kilichoyatofautisha makundi hayo ni urefu wa kamba.

Mfano hai ni Frances Arnold, aliyepata ufadhili wa Packard mwaka 1989 akiwa profesa mpya wa Caltech. Alikuwa amejaribu kubuni vimeng'enya kwa kufikiri na kukokotoa, na kazi ikakwama. Akageuka: akawa anabadilisha jeni kwa kubahatisha, anachagua kimeng'enya kilichofanya kazi vizuri zaidi, kisha anarudia tena kizazi baada ya kizazi. Walikuwapo wenzake waliobeza kwamba hiyo si sayansi. Mwaka 1993 alionyesha kimeng'enya kilichofanya kazi ndani ya kiyeyushi ambacho kwa kawaida hukilemaza. Baada ya vizazi vitatu tu, nguvu yake katika mazingira hayo ilikuwa imepanda mara 256. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mtu aliyefungwa na andiko la mradi wa kukokotoa angekuwa na kazi ya kumweleza mfadhili kwa nini sasa anabahatisha.

Dai la pili: “Wanapewa walioshiba.”

Hapa wanaolaumu wana sehemu ya haki yao. Vyuo vinavyoalikwa kupendekeza majina ni 50, kila kimoja majina mawili. Kijana aliye nje ya orodha hiyo, hata awe na akili za namna gani, hana mlango wa kubisha. Na fedha za mwanzo huvuta nyingine. Mwaka 2018 Thijs Bol, Mathijs de Vaan na Arnout van de Rijt walichunguza waombaji wa ufadhili wa namna hii nchini Uholanzi. Waliovuka mstari kwa alama chache tu walikusanya, katika miaka minane iliyofuata, zaidi ya mara mbili ya fedha walizopata wale waliokosa kwa alama chache. Ufadhili haukugundua pengo kati yao, uliliumba.

Lakini neno “walioshiba” linakichanganya chuo na mtu aliyemo. Chuo kinaweza kuwa na mabilioni huku profesa wake mpya akihesabu miezi. Ana takriban miaka sita ya kuthibitisha kwamba anastahili ajira ya kudumu, akishindwa, anafungasha. Wakati huohuo lazima atafute fedha za kulipa wanafunzi wake na kuendesha maabara. Katika utafiti wa tiba, mwanasayansi wa Marekani mwaka 1980 alipata ruzuku yake kubwa ya kwanza ya serikali akiwa na umri wa wastani wa miaka 36 hivi. Leo wastani umevuka 40. Miaka ambayo mtu huthubutu zaidi ndiyo anayoimaliza kwenye foleni. Kwa hiyo dawa ya lawama hii ni kupanua orodha ya vyuo. Kuufuta ufadhili kutawaacha nje walioko nje, na kuwatoa nje hata walioko ndani.

Dai la tatu: “Tajiri anaipokonya serikali kazi yake.”

Hesabu inatosha kulijibu. Watu 20 kwa dola 875,000 ni dola milioni 17.5 kwa kundi la mwaka mmoja. Bajeti ya Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, taasisi moja tu ya serikali, imekuwa karibu dola bilioni 9 kwa mwaka. Fedha za Packard hazifiki nusu senti kwa kila dola ya huko. Hakuna serikali inayoweza kuegemea fimbo nyembamba hivyo.

David Packard mwenyewe asingekubaliana na dai hili. Kampuni aliyoianzisha na William Hewlett mwaka 1939 ilianza na kifaa cha kupimia mitambo ya sauti kilichotokana na kazi ya Hewlett alipokuwa mwanafunzi wa Stanford, hivyo alijua utajiri wake ulichimbwa katika maabara za chuo kikuu. Mwaka 1986, miaka miwili kabla ya ufadhili kuanza, aliongoza pamoja na mwanafizikia Allan Bromley jopo lililoishauri Ikulu ya Marekani kuhusu afya ya vyuo vikuu, na ushauri wao ulikuwa kwamba serikali iongeze mkono wake. Mwanasiasa anayetumia ukarimu wa tajiri kama kisingizio cha kukata bajeti alaumiwe yeye.

Dai la nne: “Ufadhili huu huzalisha washindi wa Nobel.”

Hili ni dai la wanaosifu, na ndilo linalohitaji kukanushwa kwa makini zaidi kwa kuwa ni tamu. Kweli, Andrea Ghez na Jennifer Doudna walichaguliwa na Packard mwaka mmoja, 1996, na wote wawili walipata Nobel mwaka 2020, Ghez ya Fizikia na Doudna ya Kemia. Lakini ukiwatafuta vijana bora wawili katika kila chuo kati ya 50 vyenye nguvu, kisha ukachuja tena, itashangaza usipoambulia mshindi hata mmoja.

Tena, mwaka 1996 nani angejua? Doudna alikuwa Yale akichunguza umbo la molekuli za RNA. Kazi ya kuhariri jeni aliyoifanya na Emmanuelle Charpentier ilitoka mwaka 2012. Ghez alikuwa ameanza tu kufuatilia nyota zinazozunguka kitovu cha galaksi yetu kwa darubini ya Keck huko Hawaii. Nyota moja aliyoitegemea sana huchukua kama miaka 16 kumaliza mzunguko. Ushahidi kwamba pale katikati pana shimo jeusi lenye uzito wa jua zetu milioni nne haukuwa wa kuharakishwa na mtu.

Na wachaguzi nao hukosea. Utafiti wa Yang Wang, Benjamin Jones na Dashun Wang wa mwaka 2019 uliwafuata vijana waliokosa ruzuku ya taifa ya afya kwa alama chache. Baadhi waliacha utafiti kabisa, na hiyo ni hasara. Lakini waliobaki waliwapita, kwa makala zilizonukuliwa sana, wale walioipata kwa alama chache. Jopo la wachaguzi si la waaguzi. Anayeupima ufadhili kwa kuhesabu medali anausifu kwa jambo usiloweza kuliahidi.

Dai la tano: “Hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini?”

Yanatuhusu, kwa kuwa majaribio ya namna hii yamefika kwetu. Akademia ya Sayansi ya Afrika yenye makao Nairobi ilishirikiana na Royal Society ya London kuanzisha mpango wa FLAIR kwa watafiti chipukizi wa Afrika, na mwaka 2019 ikatangaza kundi la kwanza la watu 30. Fedha zilitoka katika misaada ya Uingereza, ambayo mwaka 2021 ilipunguza misaada yake kwa jumla kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5. Kwa upande wetu, sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Lipo kwenye kitabu cha sheria. Hazina bado haijalitimiza.

Dola 875,000 hatutazipata kesho. Lakini sehemu kubwa ya kinachoufanya ufadhili wa Packard ufanye kazi si ukubwa wa hundi. Ni kumhakikishia mtafiti miaka kadhaa mfululizo, kumpunguzia ripoti, na kumruhusu kubadili mwelekeo bila kuomba radhi. Mfuko mdogo wa Dodoma au Kampala unaweza kuandika masharti hayo leo bila kuongeza shilingi. Usipoyaandika, hata ukipewa mamilioni utaishia kununua ripoti.