Baiskeli ya Umeme: Ni Baiskeli au Pikipiki?

Jumapili moja mzozo ulizuka sebuleni mwangu hadi chai ikapoa mezani. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu aliyeendesha Black Mamba kwenda kazini kwa zaidi ya miaka 30, alikuja kutujulia hali. Goti lake la kulia limeharibika, na siku hizi akifika kwenye kilima hulazimika kushuka na kuikokota baiskeli. Akatuambia ameona baiskeli ya umeme na anafikiria kutoa sehemu ya akiba yake ainunue.

Kijana wangu, aliye chuoni, akaangua kicheko. "Babu, hiyo si baiskeli. Ni pikipiki tu. Baiskeli ni jasho!"

Mzee akaweka kikombe chini asiseme neno. Unajua mwenyewe, msomaji, mtu mzima anaponyamaza namna hiyo.

Kusema kweli, hata mimi nilielekea kumuunga mkono kijana. Lakini usiku nikajiuliza: ikiwa jasho ndilo kipimo, mbona hatukuinyima jina hilo baiskeli yenye gia? Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, alizichukia gia. Alishikilia kwamba hizo ni za watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba ni bora mtu ashinde kwa nguvu za misuli yake. Gia za kuhamisha nyororo hazikuruhusiwa katika mashindano hayo hadi mwaka 1937. Leo hakuna mtoto mtaani anayeiona baiskeli ya gia kuwa ya udanganyifu. Huitamani!

Swali basi si kama chombo kinakupunguzia kazi, bali ni nani anayekiendesha. Na hapa, msomaji, tusikilizane vizuri kwa sababu vitu viwili tofauti vinauzwa kwa jina moja.

Kuna ile yenye mota ndogo ambayo hufanya kazi tu wakati miguu yako inapopiga pedeli. Ukiacha, nayo inaacha. Katika nchi za Muungano wa Ulaya mota hiyo haipaswi kuzidi wati 250, na ukifikisha mwendo wa kilomita 25 kwa saa hukoma kukusaidia, ukabaki na nguvu zako. Chombo hicho sheria yao hukihesabu kuwa baiskeli. Uingereza nayo humruhusu mtu wa miaka 14 kukiendesha bila leseni. Lakini ile inayosaidia hadi kilomita 45 kwa saa, huko Uholanzi tangu mwaka 2017 ni lazima iwe na nambari ya usajili, na mwendeshaji awe na leseni na kofia ya kujikinga.

Ya pili ni ile ambayo unazungusha tu mkono wa usukani nayo inaondoka, pedeli zikiwa za urembo au hazipo kabisa. Hii, hata ikiwa kimya kama paka, kwangu mimi ni pikipiki.

Utaniuliza, jina lina kazi gani? Lina kazi kubwa. Kumbuka boda boda. Ilianza Busia miaka ya 1960, mtu akikubeba kwa baiskeli kukuvusha mpakani. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, injini zilijaa kila mahali na jina likahamia kwao. Njia za waenda kwa miguu nazo zikavamiwa. Wewe unayempeleka mtoto shule asubuhi kando ya Ngong Road au Jogoo Road unajua jinsi unavyomvuta mkono ghafla unaposikia honi nyuma yako. Sasa fikiria chombo cha mwendo uleule, kisichonguruma, kikipita njia hiyohiyo kwa kisingizio kwamba ni baiskeli. Hutakisikia hata kidogo.

Kwa upande mmoja kijana wangu alikuwa na haki. Katika mashindano mota ni wizi mtupu. Mwaka 2016, kule Zolder, Ubelgiji, mota ilipatikana imefichwa ndani ya baiskeli ya Femke Van den Driessche, naye akapigwa marufuku miaka 6. Lakini mjomba hashindani na mtu. Anataka kufika sokoni na kanisani bila kuomba lifti, na daktari wake amemhimiza aendelee kutumia mguu ule.

Nilimweleza kijana haya yote. Alinuna siku mbili, halafu mwenyewe akampigia babu yake simu kumwomba radhi, akajitolea kumsindikiza dukani. Muuzaji aliwasifia rangi, taa na kiti. Kijana akamkata kauli: "Akiacha kupiga pedeli, itaendelea kwenda?" Muuzaji akajibu kwa majivuno kwamba hiyo huenda yenyewe, mzee apumzike tu. Wakatoka. Duka la tatu ndipo walipopata waliyoitaka, na bei, nakuambia, ilimfanya mjomba avue miwani na kuisoma tena.

Juzi alinipigia simu. "Mwambie mjukuu wangu aje Jumamosi na baiskeli yake ya jasho. Tutapanda kile kilima pamoja. Asipofika nami, nitamngojea juu."