Tuwasomee Watoto Hadithi, Hata Misikitini

 Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza na wazazi wenzetu juu ya jambo ambalo aghalabu halipati nafasi katika mimbari zetu, nalo ni mtoto mdogo na kitabu cha hadithi, pamoja na yule mtu mzima anayejitolea saa moja kwa wiki, bila ya ujira, akaketi naye na kumsomea.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: hivi hilo nalo ni la ukurasa wa dini? Tunajibu kuwa umma ulioteremshiwa amri ya kusoma kabla ya kufaradhishiwa swala na funga hauwezi kuliona suala la kusoma kuwa ni la watu wengine. Imepokewa katika vitabu vya sira kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, baadhi ya mateka waliokosa mali ya kujikomboa walitakiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika, na hiyo ndiyo ikawa fidia yake. Kweli, wale hawakuwa watu wa kujitolea, kwani walikuwa wakinunua uhuru wao. Lakini tazama thamani iliyowekwa: mji uliokuwa na dhiki ya mali uliona bora kupata watoto wanaojua kuandika kuliko kupata dirhamu.

Sasa tuangalie hali yetu. Mwaka 2010 taasisi ya Uwezo iliwatuma watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba Tanzania Bara, mikononi wana karatasi zenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Miongoni mwa watoto wa darasa la tatu waliopimwa, ni takriban watatu tu kati ya kila kumi walioweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili. Ya Kiswahili, si ya Kiingereza! Mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha, anayeitumia kutania, kulilia na kuombea maji, akikutana nayo kwenye karatasi haitambui. Serikali haikukaa kimya, kwani mwaka 2015 ulianza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, yale maarufu kwa jina la KKK. Hata hivyo, tunaona kuwa sehemu kubwa ya dawa haimo mikononi mwa wizara.

Walimu tusiwalaumu kwa pupa. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 watoto walimiminika madarasani, na hiyo ilikuwa neema kubwa, hususan kwa mabinti na kwa watoto wa maskini. Lakini mwalimu alibaki mmoja. Katika darasa lililofurika, kila mtoto akipewa dakika mbili tu za kusoma kwa sauti huku mwalimu akimsikiliza, kipindi kinakwisha kabla ya nusu ya watoto kufikiwa. Na kusoma hakupatikani kwa kuitikia kwa pamoja yale yaliyoandikwa ubaoni, maana katika mwitiko wa watoto themanini, asiyejua hufunikwa na sauti ya anayejua.

Kiswahili kina fadhila moja ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu na silabi nyingine, anaweza kulitamka neno lolote atakalolikuta. Ugumu wake uko kwenye urefu wa maneno. Chukua neno moja tu, "wasipomsomea". Mtoto anayelivuka silabi baada ya silabi, kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe, akifika "mea" ameshasahau kuwa alianza na "wa", na akifika mwisho wa sentensi hajui ni nani aliyemfanya nani nini. Ametamka yote na hakuelewa kitu. Kinachomtoa hapo ni kusoma mara nyingi, mpaka jicho lilizoee neno zima na kulinyakua kwa mkupuo. Nani basi atasoma mara nyingi jambo lisilompendeza? Hapo ndipo furaha inapoingia, na si kwa ajili ya kumdekeza mtoto. Anayetaka kujua iwapo sungura ataokoka na fisi ataurudia ukurasa ule mara kumi bila ya kuamrishwa na mtu.

Kumsomea mtoto kwa sauti kuna faida nyingine zisizoonekana haraka. Anasikia maneno ambayo nyumbani hayatumiki, kwani mazungumzo yetu ya kila siku huzunguka chakula, nguo na "acha hiyo!" Anajifunza namna kitabu kinavyoshikwa, wapi kinaanzia, na kwamba mistari hii inakwenda kushoto kwenda kulia ilhali ile ya msahafu inatoka kulia, jambo linalowachanganya wadogo wengi kuliko tunavyodhani. Zaidi ya yote, anakiona kitabu kwenye mkono wa mtu anayempenda.

Na hapa hatuna budi kusema neno juu ya vyuo vyetu vya Qur'ani. Watoto wa Kiislamu wa Pwani wanatangulia wenzao kuzijua herufi. Kabla ya kupelekwa shule wameshapita alifu, bee, tee, na wengine wamehifadhi sura kadhaa. Ni rasilimali kubwa, na thawabu ya kisomo hicho haina mjadala. Lakini katika vyuo vingi mtoto huyo amejifunza pia kwamba kusoma ni kutoa sauti chini ya kivuli cha bakora, na hofu ile anakwenda nayo shuleni. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alitenga mlango mzima kueleza kuwa ukali kwa wanafunzi huwadhuru, hasa wadogo, huwanyima uchangamfu na kuwafunza uongo na hila. Naye Imamu Ghazali, karibu karne tatu kabla yake, alisisitiza katika Ihyaa kuwa mtoto aruhusiwe kucheza akitoka chuoni, kwa kuwa kumbana daima na masomo kunaua moyo wake. Hao si wataalamu wa malezi wa kizazi hiki wanaosingiziwa kuwaharibu watoto. Ni maulamaa wetu.

Mfano tunaoupenda zaidi katika suala hili unatoka Amman, Jordan. Dkt. Rana Dajani, mwanasayansi wa baiolojia ya molekuli katika Chuo Kikuu cha Hashemite, alirejea kwao akitokea masomoni Marekani akakuta kuwa watoto wa mtaani kwake hawasomi kwa kupenda. Vitabu kwao vilikuwa vya mtihani tu. Mwaka 2006 akaenda kwa imamu wa msikiti wa mtaa akaomba nafasi ya kuwasomea watoto hadithi. Hakuomba jengo wala fungu la fedha. Hoja yake ilikuwa nyepesi: msikiti upo kila mtaa, unaaminiwa na kila mzazi, na muda mrefu baina ya swala na swala hauna kazi. Akaketi, akasoma kwa Kiarabu, huku akibadili sauti kwa kila mhusika. Watoto wakaondoka na vitabu wakavisome nyumbani. Kisha akaanza kuwafunza wanawake wengine wa mitaani, mama wa nyumbani na wasio na kazi, nao wakafanya vivyo hivyo kwenye mitaa yao.

Mpango huo, ambao kwa Kiingereza unaitwa We Love Reading, ulizifikia nchi nyingine nyingi na kambi ya wakimbizi wa Syria ya Zaatari. UNESCO iliutunuku tuzo ya King Sejong mwaka 2017, na mwaka 2020 Dkt. Dajani mwenyewe akapewa tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kwa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Sisi hatukuvutiwa na tuzo. Kilichotuvutia ni uchache wa mahitaji: mkeka, kitabu, mtu mzima mmoja na saa moja.

Wala mtu asiseme kuwa hayo ni ya Waarabu. Mwaka 1986, Mombasa, Bi Swafiya Said alisimamia kuanzishwa kwa shule ya awali ya madrasa ambamo watoto walisoma dini pamoja na michezo, nyimbo na hadithi za Kiswahili, kwa vifaa vilivyotengenezwa kutokana na vitu vya mtaani. Wafundishaji walikuwa wanawake wa mtaa ule ule waliopewa mafunzo. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan mpango ule ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Yaani mbegu hii ilishaota kwetu. Tuliyoyasahau ni kuipandikiza kila mtaa.

Tunajua pingamizi litakalotangulia, nalo ni la kamati za misikiti: watoto watapiga kelele, watachafua mazulia, msikiti ni pahala pa ibada. Tunawaheshimu wazee wetu, na usafi wa nyumba ya Allah ni haki. Lakini Mtume (S.A.W) aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab, na aliposikia mtoto akilia akiwa katika swala aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hakuagiza watoto wafungiwe nje. Kama mazulia yanatia shaka, ipo baraza, na upo ukumbi wa madrasa unaofungwa kutwa nzima. Kijana tuliyemfukuza msikitini akiwa na miaka sita kwa sababu alicheka, tusishangae kumkosa akiwa na ishirini.

Nani wa kujitolea? Kila mtaa una mwalimu mstaafu anayeiona siku ndefu. Wako vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri matokeo kwa miezi, wamekaa vijiweni si kwa ubaya wa tabia bali kwa kukosa la kufanya. Wako akina mama na mabibi. Shifaa binti Abdullah (R.A) ndiye aliyemfundisha kuandika mama wa waumini Hafsa (R.A), basi mwanamke kushika kitabu mbele ya wanafunzi si bidaa iliyozuka jana. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuyafungua mabuku ya picha akasimulia. Atakapoitikiwa "pakawa!" ameshafanya kazi kubwa. Tungependa pia wanaume waonekane katika kazi hii, kwani mtoto wa kiume ambaye hajapata kumwona baba akisoma kitu zaidi ya gazeti la michezo huamini kuwa vitabu ni vya wanawake na walimu.

Anayejitolea hupata na yeye. Kijana aliyekuwa akiburura maneno, akilazimika kuisoma hadithi mbele ya watoto thelathini wanaomkodolea macho, ataisoma kwanza nyumbani mara tatu. Mama aliyeacha kusoma tangu alipoolewa huirudia herufi yake.

Lakini kujitolea kuna maradhi yake, na ni vyema tuyaseme mapema. La kwanza ni kuchoka. Watu hujaa wiki mbili za mwanzo, mwezi wa tatu hayupo mtu, na mtoto aliyevunjiwa ahadi hukumbuka. Heri wawili wanaopokezana kila Jumamosi mwaka mzima kuliko kumi wa Ramadhani peke yake. La pili ni kuigeuza hadithi kuwa mtihani: "Haya, nani anaweza kuniambia tumejifunza nini?" Ukiuliza hivyo kila mara, umerejesha shule barazani, na watoto watakimbia. Wasomee, wacheke, waende. La tatu ndilo zito. Amana ya watoto haifungwi kwa dhana njema tupu. Msomaji ajulikane kwa kamati na kwa wazazi, wawepo watu wazima wawili au zaidi, shughuli ifanyike pahala pa wazi, wala asiachwe mtu, awe ustadhi au sheikh mwenye kilemba kikubwa, akae faragha na mtoto wa mwenzake. Atakayechukizwa na sharti hilo hafai kazi hii.

Yamebaki mabuku. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kuchapishwa kwa hadithi nyingi za Kiswahili za watoto, na mpango wa African Storybook umeweka hadithi katika intaneti bila ya malipo, zikiwemo za Kiswahili, ambazo mtu anaweza kuzichapa katika duka la fotokopi. Wazee wetu wa Pwani walikuwa wakiviweka vitabu wakfu, na baadhi yake vimehifadhiwa hadi leo katika Msikiti wa Riyadha, Lamu. Siku hizi anayetaka kumwachia marehemu wake sadaka inayoendelea hukimbilia misahafu, hata misikiti mingine ina misahafu mingi kuliko waswalihina wake. Kwa bei ya zulia moja la mbele msikiti unajaza sanduku zima la hadithi.

Basi kamati itakayokuwa tayari ianze Jumamosi ijayo baada ya swala ya alasiri, na watoto watakaofika, wakiwa watano au hamsini. Sanduku likae kwa imamu, daftari la kuazima likae kwa mmoja wa akina mama, na kitabu kikirudi kimechanika kibandikwe gundi, kisha kiazimwe tena.