Kabambare: nyumba zilizofungwa zipimwe, lakini mkimbizi asiguswe

Katika miji midogo ya kusini mwa Maniema kuna nyumba ya aina moja ambayo kila mkaaji anaijua. Ina bati jipya, madirisha ya chuma na kufuli kubwa mlangoni. Mwenyewe anaishi Bukavu, Kindu au Kinshasa. Inafunguliwa wakati wa matanga, wakati wa harusi, na zaidi sana wakati wa kampeni za uchaguzi. Siku nyingine zote analala humo mlinzi, au halali mtu. Karibu na hapo mwalimu wa shule ya msingi anatafuta chumba, lakini wenye vyumba wanapenda mnunuzi wa dhahabu au mfanyakazi wa shirika, anayelipa kwa dola na kwa usiku.

Kuwa na nyumba mbili si kosa. Mtoto wa Kabambare aliyefanikiwa mbali ana haki ya kujenga kwa babu zake, na asipojenga watu watamsema. Shida inakuja pale viwanja vya katikati, karibu na soko, kituo cha afya na barabara, vinaposhikwa na watu wasioishi humo, vingine vikiwa na nguzo nne na majani tu. Wenyeji wanasukumwa pembeni, mbali na maji, na mji unakuwa mrefu bila kuwa mkubwa.

Kuna wanaosema Kongo haina sheria ya kuzuia mambo hayo. Inayo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Raia anapewa haki ya kuutumia. Mara nyingi anaanza na mkataba wa kukodi usiozidi miaka 3, na katika muda huo anatakiwa kukiendeleza kiwanja, yaani kujenga kweli. Hati ya kudumu inafuata baada ya hapo. Basi mwenye kusimika nguzo nne na kwenda zake hana haki kubwa anayojidai kuwa nayo. Hata kwa mpangaji kuna sheria, ile ya 31 Desemba 2015, inayokataza kumdai garanti ya zaidi ya miezi 3 kwa nyumba ya kulala. Ni wapangaji wangapi wameisikia?

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Uswisi ilipiga kura mwaka 2012 na kuamua kwamba manispaa ambayo zaidi ya 20% ya nyumba zake ni za watu wasioishi humo haitoi tena ruhusa ya kujenga nyingine za namna hiyo. Wales, tangu 2022, halmashauri inaweza kudai ruhusa kabla nyumba ya kuishi haijageuzwa kuwa ya likizo au ya kukodishwa kwa siku, na tangu 2023 inaweza kumwongezea mwenye nyumba ya pili kodi hadi 300%.

Kuchukua sheria ya Wales na kuibandika Kabambare kungekuwa hatari, na hapa ndipo watetezi wa mipango miji wengi wanapopita haraka mno. Wales, nyumba tupu kwa kawaida ni ya tajiri. Kabambare, nyumba tupu inaweza kuwa ya mama aliyekimbia risasi usiku akiwa na watoto na sufuria moja. Huko Salamabila, penye mgodi wa dhahabu wa Namoya, mapigano na Mai-Mai Malaika yalihamisha watu wengi, na mwaka 2019 kampuni ya Banro ilisimamisha kazi mgodini kwa sababu ya usalama. Ukiandika sheria inayosema «nyumba isiyo na mtu inachukuliwa», wa kwanza kupoteza atakuwa huyo mama. Yule wa Kinshasa ana wakili. Mama hana hata karatasi, kwa kuwa kiwanja chake alipewa kwa desturi, na agizo la rais ambalo sheria ya 1973 iliahidi kwa ardhi za desturi lilisubiriwa kwa miaka zaidi ya 40.

Kwa hiyo kanuni ianze na daftari. Msimamizi wa wilaya, wakubwa wa sekta na machefu wa vijiji waandike kila kiwanja cha katikati: nani alipewa, lini, nani anaishi humo, na kama hayupo, aliondoka kwa nini. Majirani wasikilizwe mbele ya watu, si ofisini mlango ukiwa umefungwa. Aliyekimbia vita, muda wake usihesabiwe hadi arudi. Aliyenunua na kungoja bei ipande, apewe muda wa kujenga, halafu kiwanja kirudi. Na nyumba inayogeuzwa vyumba vya usiku iombe ruhusa na kulipa ushuru kwa risiti. Bila risiti, kanuni hii itakuwa njia nyingine tu ya kula pesa za watu.

Pwani, kule walikotoka wafanyabiashara waliofika Kabambare na Kasongo katika karne ya 19 na kuacha lugha hii tunayoisema, walichelewa kidogo. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipata mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985 na mpango wake mwaka 1994, lakini nyumba nyingi za familia zimekuwa hoteli hata hivyo. Wazanzibari walikuwa na ramani, ofisi na wataalamu. Kabambare bado haina watalii wa kulaumiwa, na viwanja vya katikati bado vinahesabika kwa miguu, kwa asubuhi chache, chefu akiwa mbele na karani nyuma yake na kalamu. Mgodi ukifunguliwa tena kikamilifu, hesabu hiyo haitakuwa rahisi hivyo.