Doa la Mguuni Lisihukumiwe kwa Macho

Katika ufuo wa Eliye Springs, magharibi mwa Ziwa Turkana, miguu ya wavuvi haiishi majeraha. Ni rahisi basi doa gumu lisilouma, linalokua polepole kwenye unyayo, kudhaniwa kuwa kovu tu. Kumbe laweza kuwa saratani ya Kaposi, uvimbe unaotokana na chembechembe za kuta za mishipa ya damu na ya limfu. Moritz Kaposi aliueleza mjini Vienna mwaka 1872. Virusi vinavyousababisha, yaani herpesi namba 8, viligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Huenea hasa kwa mate, na wengi walio navyo hawaugui kamwe.

Hapa ningeomba walimu wanisikilize kwa makini, kwa kuwa neno lao husikika vijijini. Wako wanaoamini kwamba Kaposi ni jina jingine la UKIMWI. Sivyo. Kabla UKIMWI haujajulikana, saratani hii ilikuwa ya kawaida nchini Uganda, hasa miguuni mwa wanaume watu wazima, hata wataalamu wakakutana Kampala mwaka 1961 kuijadili. Ni kweli kwamba HIV huipa nguvu, na kila mgonjwa wake hana budi kupimwa. Lakini kumvika mtu jina la ugonjwa asiopimwa ni kumfundisha kuficha mguu wake.

Matabibu nao wana mtihani wao. Vitabu vingi husema doa hilo ni jekundu au la zambarau. Juu ya ngozi zetu huonekana la kahawia iliyokoza au jeusi, na mguu ukivimba hufanana na matende. Mwanafunzi wa utabibu pale Lodwar aliyekariri rangi za kitabuni atalipita bila kulitambua. Atazame pia kaakaa la mgonjwa, maana madoa hujificha huko.

Hata jicho lililozoea hukosea. Katika utafiti uliofanywa Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2016, takriban robo ya walioshukiwa na matabibu hawakuthibitishwa kuwa na saratani hiyo. Fikiria mtu anatiwa dawa kali za saratani kwa ajili ya kovu! Ndiyo maana hukata kipande kidogo cha ngozi, kikatazamwa kwa hadubini na mwanapatholojia.

Kutoka Lodwar hadi hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Kakuma ni mbali zaidi. Lakini kwa nini tumsafirishe mgonjwa asiye na nauli? Kukata kipande hicho kwahitaji ganzi, kisu kidogo cha duara na tabibu au muuguzi aliyefunzwa. Kikitumbukizwa katika fomalini hakiozi, wala hakihitaji barafu kama chanjo. Kwaweza kupanda basi peke yake. Ningependa kusikia kutoka kwa wakuu wa afya wa kaunti ni nani anayelipia kichupa hicho, na majibu hurudi baada ya siku ngapi.