TUUFAHAMU MCHANGANYIKO WA MVINYO MWEUPE WA URENO

Neno mvinyo lilitufikia kutoka kwa Wareno, kama yalivyotufikia meza, bendera na leso. Neno tumelizoea, lakini kitu chenyewe wengi wetu hatukifahamu. Tunaandika haya si kwa kumhimiza asiyekunywa anywe, la hasha. Twaandika kwa sababu ndani ya mvinyo mweupe wa nchi hiyo imo habari ya mkulima na jasho lake, nayo yawahusu wanywao na wasiokunywa.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba Ureno, ingawa ni nchi ndogo, ina aina za zabibu za asili zipatazo 250 na zaidi. Katika mashamba ya kale ya bonde la Douro, ambalo mipaka yake iliwekwa kisheria mwaka 1756, aina nyingi zilipandwa pamoja, zikachumwa pamoja na kukamuliwa pamoja. Wala huo haukuwa uzembe. Mwaka wa jua kali, aina moja huungua na nyingine hustahimili. Mwaka wa mvua, moja huoza na nyingine hupona. Mchanganyiko ulikuwa kinga ya mkulima kabla haujawa ladha ya mnywaji.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Huko Alentejo, kusini penye joto, Antão Vaz huleta uzito na ladha ya matunda, Roupeiro huleta harufu, na Arinto, ambayo haipotezi uchachu wake hata juani, huupa mvinyo uhai. Kaskazini, katika jimbo la Vinho Verde, Loureiro hutoa manukato ya maua, Trajadura hulainisha, na Arinto hiyo hiyo, ambayo wenyeji huiita Pedernã, hukaza. Huko Douro kazi hiyo hushikwa na Rabigato, Viosinho na Gouveio. Mgeni hutatizwa na majina, kwani hata Fernão Pires ikifika Bairrada huitwa Maria Gomes. Lakini ugumu wa majina si hoja ya kuidharau kazi.

Wapo wasemao kwamba mchanganyiko ni mbinu ya kuficha mvinyo mbovu. Hatuwezi kukana kwamba historia inawapa sababu ya kushuku. Enzi ya ukoloni, mvinyo hafifu wa Ureno ulipakiwa melini kwenda Angola na Msumbiji ukauzwe kwa Waafrika, huku pombe zao za kienyeji zikipigwa vita na serikali. Wakoloni wenyewe waliuita mvinyo wa mtu mweusi, yaani kile ambacho wao wasingekitia mezani kwao. Biashara hiyo ya dhuluma ilivunjika baada ya mapinduzi ya Lisbon ya Aprili 1974 na uhuru wa makoloni hayo mwaka 1975. Ureno ilipojiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1986, ililazimika kushindana kwa ubora. Tusichanganye basi mambo mawili: kuchanganya ili kudanganya ni jambo moja, na kuchanganya ili kila zabibu itoe kilicho chake ni jambo jingine kabisa.

Hatari ya leo yatoka kwingine. Soko la dunia hupenda jina moja jepesi kutamkwa, Chardonnay au Sauvignon Blanc. Mkulima mdogo mwenye shamba la kale, lenye mavuno haba na jina lisilojulikana, hushawishika kung'oa mizabibu ya babu yake apande ile inayouzika. Mzabibu mkongwe ukishang'olewa, haurudi katika maisha ya aliyeung'oa.

Kwa maoni yetu, wenye mahoteli na maduka ya mwambao wetu wauzao mvinyo wa Ureno wana wajibu hapa. Wasiuagize kwa urahisi wa bei tu. Wasome karatasi ya chupa, wajue zabibu zilizomo na jimbo zilikotoka, na wamweleze mteja hivyo. Naye mteja aulize. Bei ya haki kwa mchanganyiko wa haki ndiyo itakayomwezesha mkulima yule kuliacha shamba la wazee wake lisimame.