TAHARIRI: MWALIMU WA NYIMBO NAYE NI MWALIMU



Katika mkutano wetu mkuu uliopita, shule yetu ya msingi iliomba ushirika uisaidie ngozi mbili za ng'ombe za kuwambia ngoma. Ombi hilo halikupitishwa wala halikukataliwa, liliahirishwa tu. Ndugu mmoja alisimama akasema mtoto hapelekwi shule kupiga ngoma, anapelekwa kujifunza hesabu. Tulicheka, na wengine walipiga makofi. Mwalimu wa nyimbo alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mizani ya pamba, na hakujibu kitu. Gazeti hili la ukutani linaona si haki jambo liishie hapo.

Hebu tuulizane. Wimbo wa Taifa tunaousimamia kila sherehe umetoka wapi? Umetoka kwa mwalimu wa shule. Jina lake Enoch Sontonga, naye alikuwa akifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini. Mwaka 1897 alitunga wimbo ili wanafunzi wake wauimbe. Alifariki mwaka 1905, angali kijana, wala hakuuona ukifika mbali. Baadaye chama cha ANC kikauchukua, ukavuka mipaka, na Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 tukauimba kwa Kiswahili: Mungu Ibariki Afrika. Wazambia wanautumia muziki huo huo kwa maneno yao, na tangu mwaka 1997 umo pia katika wimbo wa taifa wa Afrika ya Kusini. Sasa, kama wazazi wa Nancefield nao wangesema hesabu tu, sijui leo tungesimama tuimbe nini.

Wapo wanaodhani kufundisha muziki ni mambo ya piano na vitabu vya bei kubwa, kwa hiyo ni kazi ya shule za mjini. Nendeni mkachungulie dirishani siku ya Alhamisi. Mwalimu wetu ana chaki na ubao, basi. Anaandika herufi saba, d, r, m, f, s, l, t, na watoto wanasoma sauti kama wanavyosoma a, e, i, o, u. Herufi zikiisha anatumia mkono: ngumi ni do, kiganja kilicholazwa ni mi, kidole kilichonyoshwa juu ni ti. Darasa zima linamfuata bila yeye kutamka neno.

Njia hiyo ilianzwa na mwalimu mwanamke, Sarah Glover, wa mji wa Norwich kule Uingereza, katika miaka ya 1830. Alitaka watoto wa watu wa kawaida nao waweze kusoma wimbo. Mchungaji John Curwen aliichukua katika miaka ya 1840, akairekebisha na kuieneza, na wamisionari wakaileta Afrika. Uzuri wake ni kwamba haihitaji fedha. Mtoto ananakili wimbo wenye sauti nne kwenye daftari lake la kawaida, anakwenda nao nyumbani, na kesho yake anamfundisha mdogo wake. Sontonga mwenyewe aliandika nyimbo zake kwa herufi hizo hizo.

Lakini tusidhani mwalimu huyu ni wa mambo ya kuletwa tu. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika mbele ya Bunge kwamba waliosoma walikuwa wamefundishwa kucheza dansi za Kizungu, huku gombesugu, mangala au lelemama hata hawakuzijua. Mwalimu wetu amelishika hilo. Kila Ijumaa anamwita mzee mmoja wa hapa kijijini, fundi wa bugobogobo, aje na jembe lake awaonyeshe watoto jinsi jembe linavyorushwa na kudakwa bila kupoteza pigo. Mzee huyo hakusoma hata darasa moja. Sasa watoto wanamwita mwalimu, na tumeona anavyotembea siku hizi!

Na hayo mapigo ni hesabu, jamani. Anayeshindwa kuhesabu hadi nne anaonekana mara moja, maana jembe linaanguka.

Kuna jambo jingine ambalo waliopiga makofi hawakulijua. Yupo mtoto wetu mmoja mwenye kigugumizi, ambaye kwa miaka miwili hakunyosha mkono darasani. Katika kwaya anaimba bila kukwama hata mara moja. Wenye kigugumizi wengi wako hivyo, wimbo unawapitisha pale maneno yanapogoma. Mama yake alimsikia siku ya kufunga shule, akatoka nje akalia. Mtoto huyo hakulipiwa ada ya ziada, wala hakupimwa sauti kabla ya kuingia. Mwalimu humpokea kila anayekuja, hata sisi tunaojulikana hatuna sauti.

Siku hizi mtasema muziki upo tele, kila mwenye simu anao mfukoni, na spika zinalia sokoni mpaka usiku. Ni kweli. Ila anayesikiliza tu hajajua kuimba, sawasawa na anayekula ugali asiyejua kulima.

Tuna lawama moja kwa mwalimu, nayo tunaisema kindugu. Wakati wa kujiandaa kwa mashindano ya UMITASHUMTA mazoezi yalikuwa yanakwisha jua limeshazama, na mabinti walikuwa wanapita njia ya mtoni peke yao. Mazoezi yaishe saa kumi na moja. Hilo tukikubaliana, hakuna mzazi atakayekuwa na sababu ya kumzuia mtoto.

Ngoma kubwa imepasuka tangu masika. Watoto wanapiga debe, na njuga zao ni vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye waya. Kamba na misumari mwalimu alinunua kwa fedha yake, tumeuliza dukani tukathibitishiwa.

Tunaomba ajenda hii irudi katika mkutano ujao, kabla msimu wa kununua pamba haujaanza na watu hawajatawanyika. Ndugu aliyesema habari ya hesabu tunamwomba afike Ijumaa shuleni, ashike jembe. Mwenye ngozi iliyokauka vizuri amwone mtunza ghala, na vizibo vya soda msitupe, leteni kwa katibu.